Matengenezo ya Nyumba ya Kupanga: Ni Juu ya Nani?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad:

Miongoni mwa mambo yanayowatia Waislamu fitina katika mji wa Dar es Salaam, na khasa katika mitaa ya Kariakoo, Gerezani na Kisutu, ni machache yanayorudi kila mwaka kama hili: bati likitoboka, bomba likipasuka, shimo la choo likijaa, boriti ikiliwa na mchwa, ni nani atakayetoa fedha ya fundi? Mwenye nyumba husema, "Ukaaye ni wewe." Mpangaji hujibu, "Nyumba ni yako." Masika yaingia hali maneno hayajesha, watoto walala juu ya godoro lililolowa, na watu wawili hao husimama safu moja msikitini, bega kwa bega, na wakitoka hakuna ampaye mwenziwe mkono.

Wengi hudhani kwamba jambo hili halina hukumu, bali ni la desturi au la nguvu: mwenye ulimi mrefu ndiye ashindaye. Dhana hiyo ni batili. Kupanga na kupangisha ni mkataba katika mikataba, na Qurani, katika aya ya kwanza ya Sura ya Maida, imewaamrisha walioamini kutimiza mikataba yao. Wala mtu hawezi kutimiza mkataba asioujua maana yake. Basi la kwanza ni kujua: mwenye kupangisha chumba ameuza nini, na mwenye kukipanga amenunua nini?

NI NINI KINACHOUZWA

Mwenye kuuza nyumba huuza kuta, paa, milango na haki yake ya kiwanja. Akishapokea thamani na kukabidhi ufunguo, na asiwe ameficha aibu yoyote, kazi yake imekwisha. Mwenye kupangisha hakuuza hayo. Kuta zingali zake, na akifa watarithi warithi wake. Alichouza ni manfaa: kulala, kupika, kuweka mali, kusitirika na jua na mvua na macho ya watu, kwa muda uliotajwa na kwa ujira unaojulikana. Mafakihi huiita biashara hii ijara, na wameihesabu kuwa ni namna ya kuuza, illa kinachouzwa si kitu chenyewe bali ni manfaa yake.

Hapa ndipo palipo shina la mas'ala yote. Manfaa hayakabidhiwi mara moja kama gunia la mchele. Huzaliwa siku kwa siku. Mpangaji hajapokea manfaa ya mwezi wa Shaabani mpaka Shaabani uandame. Basi mwenye nyumba aliyekwisha kupokea kodi ya mwaka mzima bado ana deni la kila siku iliyosalia katika mwaka huo, na deni lenyewe ni chumba kinachokalika. Paa likitoboka katikati ya muda, aliyepungukiwa ni mpangaji, kwani alichokinunua hakimfikii chote. Akiambiwa atengeneze kwa fedha yake, maana yake ni kwamba anunue mara ya pili kitu ambacho thamani yake amekwisha kuitoa.

Tena iko kanuni iliyotoka katika hukumu ya Mtume, rehema na amani zimshukie, katika hadithi iliyopokewa na Bibi Aisha, kwamba pato la kitu humwendea yule anayebeba khasara yake. Mwenye nyumba hupokea kodi hali amekaa barazani, hana jasho alilolitoa siku ile. Pato hilo ni halali yake kwa sababu gani? Ni kwa sababu nyumba ikiungua bila ya kosa la mtu, khasara ni yake. Ikichakaa, khasara ni yake. Akiitupa khasara kwa mpangaji na kodi akaendelea kuitwaa, amevunja nguzo ile ile inayoishika haki yake ya kupokea kodi.

MANENO YA MAFAKIHI

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, amelitaja jambo hili waziwazi katika Minhaj, kitabu ambacho wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wanakijua toka Lamu hatta Ngazija. Maana ya maneno yake ni haya: ni juu ya mwenye kupangisha kumpa mpangaji ufunguo wa nyumba, na matengenezo ya nyumba ni juu ya mwenye nyumba. Akifanya haraka akatengeneza, basi. Asipofanya, mpangaji ana khiyari ya kuuvunja mkataba.

Kisha akaleta mfano wa nchi yake ya Sham, nchi yenye baridi. Theluji ikianguka juu ya paa, kuiondoa ni juu ya mwenye nyumba. Theluji na takataka za uani, kuziondoa ni juu ya mpangaji. Huenda mtu wa Kariakoo akacheka, akasema, "Na hapa theluji iko wapi?" Asicheke. Mfano umekuja na kipimo ndani yake. Kinachoielemea nyumba, kikahofiwa kuliharibu paa na boriti, ni cha mwenye nyumba. Kinachomzuia mkaaji kupita na kukaa vizuri, hali nyumba ni nzima, ni cha mkaaji. Mtu akikishika kipimo hicho ataweza kupima mambo mengi bila ya kugombana.

Bati, kuta, nguzo, sakafu iliyodidimia, bomba lililo ndani ya ukuta, nyaya za umeme zilizozeeka ndani ya dari, ngazi ya ghorofa: haya ni ya mwenye nyumba. Kufagia, kutoa taka, kubadili taa iliyoungua, maji aliyoyatumia kwa mwezi, umeme anaounua katika mita ya LUKU: haya ni ya mpangaji. Ufunguo uliotolewa pamoja na nyumba ni amana mkononi mwa mpangaji. Ukivunjika bila ya uzembe wake, mwenye nyumba atoe mwingine. Na shimo la choo, jambo linalovunja udugu wa nyumba nyingi za vyumba sita, lina hukumu mbili. Siku ya kuingia yapasa liwe tupu, na kulitoa uchafu wa zamani ni juu ya mwenye nyumba. Lililojaa baadaye kwa matumizi ya waliomo, kulinyonyesha ni juu ya waliomo, wagawane baina yao. Walakini likititia au kuta zake zikibomoka, hilo limerudi kuwa jengo, na jengo lina mwenyewe.

Wala wenye kufuata madhehebu ya Hanafi, walio wengi miongoni mwa Waislamu wenye asili ya Bara Hindi, hawako mbali na haya. Katika Majalla, mkusanyo wa sharia uliotungwa na dola ya Uthmaniya baina ya 1869 na 1876, imeelezwa kwamba kutengeneza nyumba na njia zake za maji, na kila kinachodhuru ukaaji, ni juu ya mwenye nyumba. Na akikataa, mpangaji aweza kutoka.

FUNDO LENYEWE

Mpaka hapa njia ni nyoofu. Lakini liko fundo, na mwenye insafu hawezi kulipita kando. Khatib Shirbini, aliyefariki mwaka 1570, katika sharhe yake ya Minhaj, ameeleza kwamba kusemwa "matengenezo ni juu ya mwenye nyumba" si kusema kwamba atapata dhambi akiyaacha, wala kwamba kadhi atamlazimisha kwa nguvu. Maana yake ni kwamba akiyaacha, mpangaji huthubutikiwa na khiyari: ama auvunje mkataba atoke, ama akae.

Mwenye nyumba mjanja akiyasikia maneno haya hufurahi. Husema, "Basi sikulazimishwa. Haridhiki, na atoke." Na hapo ndipo yapasa kuuliza: atoke aende wapi, na kwa fedha gani? Desturi iliyokaa katika mji wa Dar es Salaam ni kutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mbele, na juu yake haki ya dalali. Wenye fremu za maduka huko Kariakoo huenda wametoa na kilemba kabla ya kufungua mlango. Maskini huyu amekwisha kutoa alichonacho. Kumwambia "una khiyari ya kutoka" hali fedha yake imo mfukoni mwako ni kama kumfungulia ndege mlango wa tundu hali umemfunga mguu.

Mafakihi waliposema khiyari hawakukusudia maneno matupu. Mkataba ukivunjwa kwa haki, ujira wa siku zilizosalia hurudi kwa aliyeutoa. Tuseme kwa mfano kodi ni shilingi 100,000 kwa mwezi, na mpangaji ametoa ya miezi 12, yaani 1,200,000. Baada ya miezi mitano paa limeharibika, mwenye nyumba ameambiwa, naye hakutengeneza. Mpangaji akiuvunja mkataba, 500,000 ni za mwenye nyumba kwa miezi iliyopita, na 700,000 ni mali ya mpangaji. Si sadaka anayopewa, wala si hisani. Ni mali yake, na mwenye kuizuia amezuia mali ya mtu pasipo haki. Kadhalika nyumba ikianguka kabisa, mkataba wa siku zilizobaki huvunjika wenyewe, na hesabu ni hiyo hiyo.

Basi ruhusa ya mafakihi ina pande mbili, wala haifai kushika upande mmoja. Asiyetaka kutengeneza, na arudishe. Asiyeweza kurudisha kwa kuwa amekwisha kuitumia, hana njia illa kutengeneza. Anayekataa yote mawili hana kitabu kinachomtetea, hatta akikifungua mbele ya watu mia.

HOJA ZA WENYE NYUMBA

Wenye nyumba nao wana maneno, na si haki kuwahukumu bila ya kuwasikiliza.

Hoja ya kwanza: "Aliiona nyumba, akairidhia." Hoja hii ina ukweli ndani yake. Aibu iliyokuwa wazi, mtu akaiona na akaingia kwa hiari yake, hawezi kuifanya sababu ya kuuvunja mkataba. Aliyepanga chumba kisicho na dirisha hawezi kulalamika kesho kwamba hakina dirisha. Walakini hoja hii haifuniki aibu iliyofichwa, wala iliyozuka baadaye. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akaingiza mkono katika chungu ya nafaka, vidole vyake vikakuta umaji ndani. Mwenye nafaka akasema kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, akaonya kwamba mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Na anayepaka rangi mpya juu ya ukuta uliooza kwa maji, akapangisha wakati wa kiangazi kabla ya masika kuja, amefanya tofauti gani na yule mwenye nafaka? Yule aliificha rutuba chini ya punje. Huyu ameificha chini ya chokaa.

Hoja ya pili: "Tumepatana kwamba matengenezo yote ni juu yake." Waislamu hushikana na masharti yao, illa sharti lililohalalisha haramu au kuharimisha halali. Lakini katika ijara ujira yapasa ujulikane, na Nawawi ametaja kwamba haisihi kupangisha kwa ujira wa kuitengeneza nyumba yenyewe. Sababu yake ni ujinga wa kiasi. Nani ajuaye mwaka huu patavunjika nini? Huenda ikawa misumari ya shilingi elfu chache, huenda ikawa paa zima. Mpangaji aliyekubali sharti hilo hajui amenunua kwa shilingi ngapi. Iko njia safi, nayo ni rahisi: watu wapatane kodi inayojulikana, kisha, baada ya mkataba kutimia, mwenye nyumba amwidhinishe mpangaji atengeneze na akate gharama katika kodi, kwa hesabu na risiti. Hapo kila mmoja amejua alichotoa na alichopokea.

Hoja ya tatu: "Kodi ni ndogo, haitoshi kununua hatta mabati." Hoja hii ndiyo nzito kupita zote. Mji wa Dar es Salaam umeiona kwa macho. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitunga sharia ya kutwaa majengo yaliyopangishwa yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, na majumba mengi ya katikati ya mji, aghalabu ya watu wenye asili ya Bara Hindi, yakawa mikononi mwa Msajili wa Majumba. Kodi zikabaki chini. Wapangaji wakashukuru, na kwa hakika wengi walipata makao ambayo wasingeyapata. Lakini chokaa ilibanduka, mabomba yakaoza, ngazi zikavunjika vidato, na fedha ya mafundi haikutosha. Mwaka 1990 kazi za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwa limeanzishwa mwaka 1962, nalo likarithi majumba pamoja na uchakavu wake. Funzo ni hili: nyumba isiyolipa gharama zake hujila yenyewe. Anayetaka kodi ya chini kuliko gharama na paa zima kwa pamoja, ataka kitu ambacho mtu wa kukitoa hayupo.

Lakini jawabu la hoja hiyo ni kupandisha kodi kwa haki muda ukiisha, kwa mapatano yaliyo wazi, na mpangaji akiridhika akae, asiporidhika aende. Jawabu si kutwaa kodi ndogo kisha kulipiza kwa paa bovu. Kwani hapo mwenye nyumba amejipandishia kodi kwa siri, na nyongeza ameitwaa katika afya ya watoto wa mwenziwe.

Hoja ya nne: "Wapangaji ni waharibifu." Wako walio hivyo, na hao wana fungu lao hapa chini. Walakini ubaya wa mpangaji mmoja si deni la mpangaji mwingine.

WAJIBU WA MPANGAJI

Mpangaji ana mkono wa amana. Kinachoharibika mikononi mwake kwa matumizi ya kawaida hakilipi, kwani matumizi hayo ndiyo aliyoyanunua. Lakini akipita mpaka au akizembea, yu mdhamini. Aliyepanga chumba cha kulala akakigeuza karakana ya kuchomea vyuma, ukuta ukapasuka, alipe. Aliyeunganisha umeme mwenyewe kwa waya mbovu, dari ikaungua, alipe. Aliyeona bomba ladondosha tone moja moja, akanyamaza miezi mitatu mpaka msingi ukalowa, huyo naye hana udhuru, kwani mwenye nyumba hakai humo wala hana macho ya kuona ndani ya ukuta. Kutoa khabari mapema, tena mbele ya shahidi au kwa maandishi, ni sehemu ya amana.

Wala haimfalii mpangaji kufanya matengenezo makubwa bila ya idhini, kisha akaleta hesabu. Aliyetengeneza mali ya mtu pasipo kuamriwa huhesabiwa kuwa amejitolea. Kadhalika kukaa ndani ya nyumba na kuizuia kodi yote kwa ghadhabu si katika haki. Ama autumie uhiari wake atoke na adai salio lake, ama akae hali amejua, na kodi imlazimu. Au waende kwa mwenye kuhukumu baina yao. Kula manfaa na kuzuia thamani yake ni dhuluma ile ile ya mwenye nyumba iliyogeuzwa uso.

Na kubwa kuliko yote ni kuigusa nguzo ya jengo. Kariakoo ya leo si ile ya nyumba za udongo na makuti. Mtaa huu, uliopata jina lake katika kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, ulikuwa mtaa wa nyumba za chini: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Toka miaka ya 1990 ghorofa zimesimama mahali pa nyingi katika hizo, maduka chini na stoo juu. Katika nyumba ya chini, kosa la mtu mmoja huangusha ukuta mmoja. Katika ghorofa, kosa la mtu mmoja ni kaburi la watu ambao hawakuulizwa. Siku ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo wakati wa asubuhi likafukia watu waliokuwa katika riziki zao, wakafa zaidi ya 20, na serikali ikaunda kamati ya kuyakagua majengo ya mtaa huo. Kumjua aliyekosa ni kazi ya mahakama. Lakini kila mwenye akili ameona kwamba ukuta wa ghorofa si siri baina ya watu wawili.

Kwa hiyo masikilizano ya mwenye nyumba na mpangaji yana mpaka. Waweza kusameheana bati linalovuja, waweza kusameheana mlango usiofunga. Hawawezi kusameheana nguzo inayopasuka, kwa kuwa haki iliyomo humo ni ya jirani, ya mnunuzi apitaye, na ya hamali aliyeinamisha kichwa chini ya mzigo. Mtume amekataza kudhuru na kulipizana madhara. Hapo haisemwi tena, "Ana khiyari ya kutoka." Mwenye nyumba yampasa atengeneze au aifunge, na mpangaji aliyejua akanyamaza kwa kuogopa kupoteza fremu yake, ana sehemu yake katika dhima hiyo.

NYUMBA ZA URITHI NA ZA WAKFU

Nyumba nyingi za mtaa huu ni za urithi usiogawanywa. Kodi ikija kila mrithi ajua fungu lake mpaka senti. Bati likitoboka hakuna ajuaye fungu lake. Haki ni kwamba gharama zifuate njia ya pato. Mtu amekufa ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike: mke ana thumuni, na kilichobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Kodi ikiwa 240,000, mke hutwaa 30,000, mwanamume 140,000, mwanamke 70,000. Basi fundi akitaka 480,000, mke ni 60,000, mwanamume 280,000, mwanamke 140,000. Aibu ni kwa ndugu mwenye fungu kubwa kumwachia mama mjane kazi ya kumtafuta fundi, ati kwa kuwa yeye ndiye akaaye humo. Njia iliyo salama ni kutoa fedha ya matengenezo katika kodi kwanza, kisha kugawana kilichobaki.

Ama nyumba ya wakfu na nyumba ya yatima, hizo zina hukumu kali zaidi. Msimamizi wa wakfu na walii wa yatima hawana ruhusa aliyo nayo mwenye mali yake ya kuacha nyumba ioze. Wao yawapasa kuitengeneza maadamu lipo pato, na pato la wakfu huanzia katika kuihifadhi nyumba yenyewe kabla ya kupewa wanaostahiki. Msimamizi anayegawa kodi yote kila mwezi na kusifiwa kwa ukarimu, hali boriti zaliwa na mchwa, anagawa mali ya watu ambao hawajazaliwa.

SHARIA YA NCHI NA NJIA YA SULUHU

Sharia ya Ardhi ya Tanzania, Na. 4 ya mwaka 1999, nayo imelifunga fundo lile kwa upande wake. Imetia ndani ya upangishaji ahadi juu ya mwenye nyumba kwamba nyumba ya kukaa iwe inafaa kwa kukaa watu, na kwamba anayepangisha sehemu tu ya jengo atunze paa, kuta kuu na mifereji mikubwa. Na juu ya mpangaji imetia ahadi ya kulipa kodi na kuitunza nyumba, illa uchakavu wa kawaida. Ugomvi ukishinda wazee, liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililowekwa kwa sharia ya mwaka 2002. Mwislamu anayelipeleka jambo lake huko hakufanya kosa. Lakini mwenda barazani hupoteza siku, nauli na jirani, na mara nyingi gharama za shauri hupita thamani ya bati.

Lililo bora ni kuuziba ugomvi kabla haujazaliwa. Qurani imeamrisha madeni ya muda yaandikwe na yashuhudiwe, na kodi iliyotolewa mbele ni deni la muda katika maana yake, ingawa watu hawaliiti hivyo. Basi kabla ya ufunguo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, wawili hao na waingie chumbani pamoja na mashahidi wawili. Wawashe taa, wafungue bomba, waangalie dari, wachungulie shimo. Kila aibu iandikwe. Iandikwe pia: kipi ni cha nani, khabari itolewe kwa njia gani, mwenye nyumba apewe siku ngapi, na asipotengeneza mpangaji ana idhini ya kukata katika kodi mpaka kiasi gani. Idhini hiyo itolewe baada ya kodi kupatanwa, ili kodi yenyewe isiwe na ujinga. Karatasi moja ya namna hiyo yatosha kuokoa salamu za miaka kumi.

Na likishatokea lisiloandikwa, na hakika litatokea, kila mmoja ajiulize swali la mwenziwe kabla ya lake. Mwenye nyumba aulize, "Usiku huu mvua ikinyesha, ningemlaza mwanangu katika chumba kile?" Mpangaji aulize, "Kama nyumba hii ingekuwa ndiyo chakula changu cha uzeeni, ningeitumia namna hii?" Wako wenye nyumba ambao ni wajane wasio na kitu illa kodi ya vyumba vitatu, na wako wapangaji ambao kila alfajiri hutoka hawajui watarudi na nini. Sharia imempa kila mmoja haki yake. Na kumngojea mwenye dhiki, kukopesha fedha ya fundi, kugawana nusu kwa nusu kwa ridhaa, hayo ni ihsani iliyo juu ya haki. Walakini ihsani hutolewa na mwenye haki kwa moyo wake. Anayemnyang'anya mwenziwe haki kisha akamhubiria subira, hajui ihsani wala haki.

Kodi ya haramu hailiwi na mtu mmoja. Hununuliwa unga, hupikwa, na watoto hukaa juu ya sinia wakala. Na atakayeulizwa ni aliyeileta. Wallahu aalam.